Linachemka Lini? Somo la Uchunguzi Kutoka Gereji

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala juu ya matumizi ya vielelezo, utungaji wa maswali na utayarishaji wa maazimio ya kazi. Safari hii twawaomba watufuate mpaka gereji. Tunakusudia kusimulia jinsi gari la chuo chetu lilivyobadilishiwa injini, jinsi lilivyochemka kwa muda wa majuma sita pasipo mtu kujua sababu, na jinsi fundi mmoja mzee alivyolitambua kosa kabla hajashika spana. Hatusimulii haya kwa kuwa twataka walimu wawe mafundi wa magari. Twayasimulia kwa sababu katika majuma hayo hayo tulifanya kosa jingine, ndani ya darasa, ambalo halikutoa mvuke wala harufu, na kwa hiyo tungeweza kulipita bila kuliona kamwe.

Chuo chetu kipo mkoani Iringa. Baadhi ya shule ambako walimu-wanafunzi wetu hufanyia mazoezi ya kufundisha ziko bondeni, upande wa Ruaha Mbuyuni, na anayekwenda huko hana budi kuteremka mlima Kitonga, kisha kuupanda wakati wa kurudi. Waliopita katika barabara hiyo kuu iendayo Zambia wanajua jinsi malori yanavyotambaa mlimani hapo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwaka 2022 injini ya petroli ya pikapu ya chuo ilichakaa kabisa. Ikaamuliwa iwekwe injini ya dizeli, kubwa kuliko ile ya kwanza, iliyotolewa katika gari jingine. Injini hiyo ilikuwa nzima, na siku ilipowashwa ilinguruma vizuri hata wapishi wakatoka jikoni kuitazama. Siku ya tatu, tukirudi kutoka bondeni pamoja na wakufunzi wenzetu watatu na magunia ya vitunguu waliyonunua Ruaha Mbuyuni, mshale wa geji ya joto ulipanda mpaka mwisho wa rangi nyekundu, na maji ya moto yakaruka kutoka chini ya boneti. Tulifika chuoni saa nane za usiku.

Hapo ndipo tulipoanza kubahatisha. Fundi wa mjini alisema bila kusita kwamba ubovu ni wa thamostati, yaani kile kilango kidogo kinachofunguka maji ya injini yakishapata moto. Akaitoa, wala hakuweka nyingine, kwa maelezo kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Gari likazidi kuchemka. Tulikuja kujua baadaye kwamba katika injini nyingi za namna ile, thamostati inapofunguka huziba papo hapo njia ya mkato ambayo maji huipita yakiwa bado baridi. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huirudia injini bila kupita katika rejeta. Basi ikanunuliwa thamostati mpya. Kisha pampu ya maji ikabadilishwa. Kisha rejeta ikafunguliwa na kuzibuliwa. Kila mara tulilijaribu gari kwa kuliwasha uani na kuliacha lingurume kwa nusu saa. Mshale ulisimama juu, lakini maji yalitulia, tukafurahi, tukaenda Kitonga, likachemka. Mwishowe fundi alitamka kwamba gaskiti ya silinda hedi imeungua na kwamba hapana budi injini yote ifunguliwe. Karatasi ya kuidhinisha malipo ililetwa mezani petu, kwa kuwa mwaka huo tulipewa dhamana ya kuratibu mazoezi ya kufundisha. Fedha zilizotajwa ndani yake zilikuwa ndizo zile zile za mafuta ya ukaguzi.

Tuseme kweli: tulikuwa tayari kutia sahihi. Sisi tunaofundisha kila mwaka kwamba uchunguzi huanza na swali, na kwamba jaribio lisilotenganisha sababu moja na nyingine si jaribio, tulikwisha kubali vipuri vitatu vibadilishwe pasipo kuuliza hata swali moja. Tulikuwa na haraka ya kupata jibu, na kila jibu lililotolewa kwa sauti ya uhakika lilitufaa mpaka lilipoanguka.

Dereva wa chuo ndiye aliyetusihi tumwone kwanza fundi mmoja mzee, ambaye gereji yake ni kivuli cha mti na kontena moja bovu kando ya barabara. Tulimkuta ameketi juu ya tairi. Tulimwamkia, tukamweleza habari zote za thamostati, pampu na rejeta. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Mwalimu, linachemka lini?”

“Mzee, linachemka kila siku.”

“Sikuuliza siku. Nauliza lini. Likiwa limesimama? Likiwa mbioni? Likipanda? Likiwa tupu au lina mzigo? Asubuhi au mchana?”

Hatukuwa na majibu. Dereva ndiye aliyekuwa nayo, maana yeye ndiye aliyekuwa na gari kutwa kucha, na katika majuma yote yale hakuna aliyemwuliza. Alieleza kwamba likisimama na kunguruma, halichemki. Barabara ya tambarare, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, halichemki, hata saa saba za mchana. Likiteremka, halichemki. Likipanda Kitonga tupu, hupata moto sana lakini aghalabu hufika. Likipanda na mzigo, kwa gea ya pili, hapo ndipo linapochemka, liwe asubuhi, liwe mchana. Akaongeza kwamba tangu injini mpya iingie, mshale wa geji umekuwa ukisimama juu hata mahali ambapo maji yametulia. Mzee aliposikia hilo la mwisho alinyamaza kidogo, akasema, “Hilo tuliweke kando. Tutalirudia.”

Ili msomaji aone thamani ya majibu hayo, yafaa akumbuke jinsi injini inavyopozwa. Katika nguvu zote zilizomo ndani ya mafuta yanayoungua, kwa kukadiria ni theluthi moja tu inayogeuzwa kuwa kazi ya kuvuta gari. Nyingine hutoka kama joto katika ekzosi, na nyingine huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji hayo kutoka ndani ya injini mpaka kwenye rejeta, na hapo hewa inayopita kati ya vijibati vyake huyapokonya joto. Hewa hiyo husukumwa na mambo mawili: mwendo wenyewe wa gari, na feni. Gari likiwa mbioni, upepo wa mwendo hutosha, hata feni isipofanya kazi. Gari likiwa limesimama, hakuna upepo, lakini na joto linalozalishwa ni kidogo. Likipanda mlima polepole na mzigo, joto ni jingi kuliko wakati mwingine wowote, na upepo haupo. Hapo kila kitu huitegemea feni.

Sasa tazameni. Kama rejeta ingekuwa imeziba, au pampu imekufa, gari lingepata taabu hata kwenye mwendo mkali wa tambarare, maana huko nako injini hutoa joto jingi. Kumbe lilipata taabu mahali pamoja tu, pale panapohitaji hewa ya feni. Kwa maswali matano, mzee alikuwa amekwisha kutupilia mbali nusu ya mambo yaliyotuhangaisha kwa majuma sita.

Hata hivyo hakukurupuka. Alitaka tulale, na gari lilale, ili asubuhi injini iwe baridi kabisa. Alfajiri aliufungua mfuniko wa rejeta, akaamuru injini iwashwe, akatuonyesha uso wa maji. Gaskiti ikiwa imeungua, alisema, hewa ya moto kutoka ndani ya silinda huingia katika maji, na mapovu huonekana mara moja, kabla maji hayajapata moto. Hatukuona povu. Akatazama kijiti cha kupimia oili: oili ilikuwa nyeusi kama ilivyo desturi ya dizeli, haikuwa na rangi ya maziwa inayoonyesha kuchanganyika na maji. Kisha akaliegesha gari likiwa limeinua pua kuelekea mlimani, ili hewa yoyote iliyonaswa sehemu ya juu ya injini ipande na kutoka, kwa sababu injini inapohamishwa huweza kukaa juu kuliko mdomo wa rejeta, ikaficha hewa ndani. Vilitoka viputo viwili vitatu, basi. Ndipo akaufunga mfuniko.

Hapa tunawaonya vijana wanaopenda kujaribu. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari. Mjini Iringa, penye kimo cha mita zipatazo 1,600, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko ule huyabana maji kwa kanieneo kubwa, hata yakaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kanieneo likiondolewa ghafla, maji huchemka kwa mara moja na kumrukia mfunguaji usoni.

Baada ya hayo mzee aliomba karatasi. Tulichana ukurasa wa daftari tukampa. Injini ikinguruma taratibu, alisimama mbele ya gari akaiweka karatasi katikati ya uso wa rejeta, akaiachia. Karatasi iling’ang’ania pale pale, imevutwa na hewa. Akaihamishia pembe ya juu kulia: ikaanguka. Pembe ya juu kushoto: ikaanguka. Pembe mbili za chini: ikaanguka, ikaanguka. Alirudia mara mbili, kisha akatupa sisi tujaribu kwa mikono yetu wenyewe.

“Feni ni nzima,” alisema. “Inavuta. Lakini inavuta katikati tu. Pembe nne hazijui kama kuna feni.”

Alifungua boneti akatuonyesha. Injini ya kwanza ilikuwa ndefu, na feni yake ilikaa karibu na rejeta, ndani ya kava lililoukumbatia uso wote wa rejeta. Injini mpya ilikuwa fupi na ilifungwa nyuma zaidi. Kava la zamani lilikataa kuingia, nalo likatupwa. Kati ya feni na rejeta kulibaki nafasi ya shubiri nzima, wazi pande zote. Feni hutafuta hewa iliyo rahisi kuipata. Badala ya kuivuta hewa baridi kupitia rejeta, ilikuwa ikivuta hewa ya ubavuni, iliyokwisha kupata moto kwa kuizunguka injini, na kuirudisha kule kule ilikotoka.

Twapenda msomaji asimame kidogo hapa. Injini ilikuwa nzima. Rejeta ilikuwa nzima. Feni, pampu na thamostati vilikuwa vizima. Ungekitoa kila kimoja na kukipima peke yake, kingefaulu. Ubovu ulikuwa mahali vinapokutana, katika ile shubiri moja ambayo si kipuri, haina jina katika duka lolote, wala haiwezi kununuliwa na kubadilishwa. Wala jaribio letu la uani lisingeweza kuuonyesha hata tungelirudia mara mia, kwa kuwa tulilijaribu gari katika hali ambayo halikuwa na sababu ya kuchemka.

Mzee alikata bati, akaunda kava lenye upana wa rejeta upande mmoja, likajikusanya na kuwa duara upande wa pili. Feni ikaingia nusu ndani ya duara hilo, na kati ya ncha za feni na bati ikaachwa nafasi ya vidole viwili. Kazi ilimalizika kabla ya jua kutua. Karatasi ya daftari iling’ang’ania pembe zote nne. Tulipakia magunia ya mchanga, tukateremka Kitonga, tukageuza, tukaanza kupanda kwa gea ya pili.

Nusu ya mlima, mshale ukaingia katika rangi nyekundu.

Hatutaficha kwamba tulivunjika moyo, na kwamba neno la kwanza lililotujia kichwani lilikuwa gaskiti. Mzee alimwambia dereva asimame mahali palipo na nafasi, bila kuzima injini. Akatega sikio. Hapakuwa na mchemko. Chupa ya maji ya akiba ilikuwa imetulia, wala hapakuwa na harufu. “Geji inasema moto,” alisema, “maji yanasema hapana. Mmoja wao ni mwongo. Sasa tulirudie lile tuliloliweka kando.”

Siku ya pili tulichukua kipimajoto kutoka maabara ya chuo, sufuria kutoka jikoni, na jiko la mkaa. Kile kihisi cha joto kilichokuja pamoja na injini mpya kilifunguliwa, kikaunganishwa kwa nyaya na geji ya zamani, kikatumbukizwa katika maji pamoja na kipimajoto. Maji yalipofika nyuzi 80, joto la kawaida kabisa kwa injini, mshale wa geji ulikuwa ukingoni mwa nyekundu. Kihisi kilikuwa kizima, na geji ilikuwa nzima, lakini kila kimoja kilitengenezwa kwa ajili ya gari lake, na lugha zao hazikuafikiana. Kihisi cha zamani kikatafutwa kwenye lundo la vyuma, kikachongewa kiungo cha kukifungia katika injini mpya, kikapimwa katika sufuria ile ile. Ndipo tukaweza kuiamini geji. Kumbe yalikuwepo makosa mawili, moja la kweli na moja la uongo, na kila moja lilikuwa likilifichia jingine siri.

Hayo ndiyo ya gari. Sasa tuingie darasani.

Katika juma la tatu la mazoezi, gari likiwa limefunguliwa rejeta, tulikwenda bondeni kwa basi kumkagua mwalimu-mwanafunzi mmoja. Tulichelewa kufika, na tulitakiwa kuliwahi basi la kurudi. Tuliingia darasani kipindi kikiwa kimeanza, tukaketi kwenye kiti tulichowekewa karibu na mlango, nyuma kushoto. Lilikuwa Darasa la Nne, lenye wanafunzi 112, somo la Hisabati, mada ya kulinganisha sehemu. Mwalimu aliuliza, na mikono iliyoinuliwa ilikuwa michache. Watoto waliotuzunguka walikuwa wakichorana mikononi kwa kalamu. Tuliandika katika fomu: “Maswali hayawachochei wanafunzi kufikiri. Sauti hafifu. Hamudu darasa.” Tukatoa alama, tukamkabidhi nakala yake, tukakimbilia basi. Alitushukuru kwa adabu.

Siku ile karatasi ya daftari ilipoanguka kutoka pembe ya rejeta tulimkumbuka binti huyo, na hatukupata raha. Tulikuwa tumeketi pembeni, tukaona kwamba hakuna hewa, tukaandika kwamba feni ni mbovu.

Gari lilipopona lilibaki juma moja kabla alama hazijafungwa. Tulirudi. Safari hii tulifika kabla ya kengele, tukamwomba ruhusa tukae dakika kumi kila mahali: mbele, katikati, na pembe zote nne. Katikati ya darasa tulishangaa. Alikuwa na vipande vya karatasi vya urefu ulio sawa, kimoja amekikunja mara tatu na kingine mara nne, na aliuliza: “Kati ya theluthi moja na robo moja, ipi kubwa, nawe umejuaje?” Mtoto mmoja alisema robo ni kubwa kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Hakumkaripia. Alimpa vipande vile avishike, avikunje, avilinganishe, na mtoto akajisahihisha mwenyewe mbele ya wenzake. Hilo lilikuwa swali zuri, na ufundishaji ule ulikuwa mzuri.

Kisha tukahamia pembe ya nyuma kushoto, mahali petu pa mwanzo. Kutoka pale kipande cha karatasi chenye urefu wa kiganja hakionekani. Jua la dirishani lilipiga ubao, maandishi yakawa weupe mtupu. Tulimwinamia mtoto mmoja tukamnong’oneza swali lile lile. Alijibu kwamba robo ni kubwa, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Tukachana karatasi mbili, tukamwachia azikunje. Haikupita dakika moja akatutazama na kusema, “Kumbe theluthi!” Basi mtoto alikuwa mzima, swali lilikuwa zima, na mwalimu alikuwa mzima. Upungufu ulikuwa katika ile nafasi iliyo kati yao.

Kadhalika tuliitazama fomu yetu. Imetungwa kwa kufikiria darasa la wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, ule uwiano unaotajwa katika miongozo ya elimu ya msingi nchini Tanzania. Inauliza kama mwalimu amepita kwa kila kikundi, na kama sauti imefika nyuma. Kwa darasa la wanafunzi 112 fomu hiyo husoma nyekundu hata maji yanapokuwa yametulia. Hatusemi itupwe. Twasema kipimo nacho hakina budi kupimwa kabla hakijamhukumu mtu.

Baada ya kipindi tuliketi naye chini ya mti. Tulimweleza tuliyoyaona katika kila pembe, tukamwuliza, kama tulivyoulizwa sisi, ni lini hasa watoto humpotea. Alijua. Alisema humpotea anapoonyesha kitu kidogo, na baada ya saa nne, jua linapoingia. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyebuni dawa: vipande vya manila vyenye urefu wa mita moja, mahali panne pa kusimama badala ya pamoja, na khanga iliyotundikwa dirishani. Siku ya tatu mikono iliinuka katika pembe tatu. Pembe ya nne, nyuma kulia, bado ilikuwa kimya mpaka tulipoondoka, naye aliendelea kuishughulikia.

Tuliandika maoni mapya na kuyaambatanisha na yale ya kwanza, tukaeleza kwa nini tumeyabadili. Tulipomwomba nakala ya fomu ya zamani ili tuyaandike hapo pia, aliitoa katika mkoba wake, imekunjwa mara nne, na mikunjo yake imeanza kukatika kwa kufunguliwa mara nyingi. “Nilikuwa naisoma kabla ya kuingia darasani, Mkufunzi,” alisema. Hatukuwa na la kujibu. Majuma matatu binti huyu alikuwa amejaribu kurekebisha sauti ambayo haikuwa na ubovu.

Ninyi mnaojiandaa kwenda kufundisha, twawaomba mchukue machache kutoka gereji ile. Mtoto akishindwa, msiulize kwanza ana ubovu gani. Ulizeni anashindwa lini: akisoma peke yake au akisomewa, mwanzo wa hesabu au hatua ya kukopa, asubuhi au baada ya saa sita akiwa na njaa. Mwulizeni aliye naye kila siku, iwe mzazi, iwe jirani yake wa dawati, na hasa mtoto mwenyewe. Mjaribuni katika hali ile ile anamoshindwa, maana uani kila gari ni zima. Badilini jambo moja kwa wakati mmoja, ama sivyo hamtajua lipi limesaidia. Na mtoto aliyehamia kutoka shule nyingine, au kutoka lugha ya nyumbani kwenda lugha ya darasani, mtazameni kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa yeye ni mzima na shule ni nzima, na kosa hupenda kukaa pale viwili hivyo vinapokutana.

Nasi wakufunzi tunalo letu. Tukija kuwakagua, mna haki ya kutuuliza tuliketi wapi. Pikapu ya chuo sasa hupanda Kitonga na mzigo wake bila kusimama, na dereva ameweka karatasi moja ya daftari katika kisanduku cha mbele, kwa ajili ya kupimia. Sisi nasi tunayo moja ndani ya fomu za ukaguzi.